"Wewe ni Mtoto wa Nani?" Jinsi Mtoto Anavyojitambua, na Wajibu Wetu Wazazi na Walezi

Ukipita katika vijiji vya Njombe na kukutana na mtoto njiani, utamsalimu, na kisha, kama ilivyo desturi ya wakubwa, utamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Jina lake utalijua baadaye. Akikutajia jina la baba, la mama au la bibi yake, mara moja unajua ametoka nyumba ipi, ukoo wao ni upi, na pengine hata shamba lao liko bonde gani. Lakini ukisafiri yapata kilomita 60 hadi Makambako na kushuka stendi, swali hubadilika. Pale mtu huulizwa, "Unatoka wapi?" au "Unakwenda wapi?" Mara nyingi haulizwi kitu, kwa maana kila mmoja ana safari yake.

Maswali haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayomjenga mtu. Mtoto aliyeulizwa mara nyingi yeye ni wa nani, na akawa na jibu, hukua akijua mahali pa kusimama. Mtoto ambaye kila akiulizwa hana jibu, au jibu alilonalo linawafanya wakubwa watazamane na kunyamaza, huanza kujiuliza mwenyewe gizani: "Kwani mimi ni nani?"

Katika mkoa wetu watoto wa namna hii ni wengi. Wapo waliofiwa na wazazi, wapo wanaolelewa na bibi kwa sababu mama yuko mjini akitafuta maisha, na wapo ambao baba hajulikani au hatajwi. Akina mama wengi huuliza: je, tuwaambie ukweli? Tuanze lini? Je, tukinyamaza hawatasahau? Mwezi huu tumeona vema tuliangalie jambo hili kwa utulivu, tangu mtoto anapozaliwa hadi anapokuwa kijana.

Safari huanza mgongoni mwa mama

Mtoto mchanga hajui kwamba yeye ni mtu peke yake. Anapolia na mama akaja, anapotabasamu na bibi akatabasamu pia, anaanza polepole kufahamu kwamba kuna "mimi" na kuna "wewe". Kwa hiyo kitambulisho cha kwanza cha mtoto ni uso wa mtu anayempenda. Mtoto aliyebebwa, akasemeshwa na kuitwa kwa jina lake, anapata msingi ambao hakuna shule itakayoweza kumpa baadaye.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamezoea kupima jambo hili kwa kioo. Humpaka mtoto alama usoni bila yeye kujua, kisha humweka mbele ya kioo. Akigusa alama iliyo usoni pake, wanasema amejitambua. Katika nchi za Ulaya na Marekani watoto wengi hufanya hivyo wakiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto 82 wa Kenya wenye umri wa miezi 18 hadi miaka 6 walipimwa kwa njia hiyohiyo, na wawili tu ndio waliogusa alama. Je, watoto wa Kenya hawajijui? La, hasha. Wengi walisimama kimya wakijitazama. Watafiti wenyewe waliona kwamba kusimama hivyo hakuna maana kuwa mtoto hajitambui. Mtoto aliyefundishwa utii, akiona jambo geni mbele ya mtu mzima asiyemjua, husubiri kuona anatakiwa afanye nini.

Utafiti huo una somo kwetu. Huku kwetu mtoto hajifunzi yeye ni nani kwa kujitazama kwenye kioo. Hujifunza kwa watu. Anajitambua anapotumwa moto kwa jirani, anapokabidhiwa mdogo wake ambebe, na anapoambiwa, "Salimia, huyu ni shangazi yako." Kwa hiyo watu wake wakinyamaza, ni kama kioo chake kimefunikwa.

Jina ni nyumba ya kwanza

Katika familia nyingi za Njombe mtoto hupewa zaidi ya jina moja. Liko jina la nyumbani, ambalo mara nyingi ni la babu au bibi. Liko jina la ubatizo, lililoanza kuzoeleka huku baada ya wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin kufungua misheni ya Kidugala mwaka 1898. Na liko jina la ukoo, kama vile Mgaya, Mlowe, Mligo au Ngole, ambalo mwenyeji akilisikia tu anaanza kuhesabu undugu.

Wazazi wengi humpa mtoto majina haya lakini hawampi maelezo yake. Mtoto anaitwa jina la bibi aliyefariki kabla hajazaliwa, na hakuna aliyemweleza bibi huyo alikuwa mtu wa namna gani. Jina lisilo na habari ni kama sanduku lililofungwa. Mweleze mtoto kwamba bibi aliyempa jina alikuwa mkulima hodari, au aliwalea yatima watatu, au alikuwa mkali lakini mwenye huruma. Tangu siku hiyo mtoto hatabeba jina tupu tena.

Wazee wetu waliijua vizuri thamani ya jina kwa sababu walionja kulikosa. Wakati wa ukoloni wa Waingereza wanaume wengi wa Njombe walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda shirika lao la kukusanya vibarua, lililojulikana kama SILABU, na Njombe ilikuwa moja ya sehemu walikochukua watu. Vibarua hao waliitwa "manamba", kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake, naye akahesabiwa kwa namba hiyo. Mtu mwenye mke, watoto na ukoo unaoheshimika nyumbani, huko mkongeni alikuwa namba. Aliporudi kijijini ndipo alipokuwa tena baba fulani, mjomba fulani.

Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake juu ya Njombe kilichotoka mwaka 2005, ameonyesha jinsi watu wa huku walivyoifanya familia kuwa kimbilio lao walipojiona wametengwa na wenye madaraka. Hii ni habari ya babu zetu, lakini inatuhusu hata leo. Ulimwengu ukimwita mtu namba, nyumbani ndiko anakoitwa kwa jina.

Umri wa kujilinganisha

Mtoto anapofika umri wa kuanza shule, macho yake hutoka nyumbani na kuangalia wenzake. Anaanza kujua nani ana viatu na nani hana, nani anajua hesabu na nani ni wa mwisho, nani huletwa na baba siku ya kuandikishwa na nani huletwa na bibi. Ni umri ambao mtoto hujipima kwa yale anayoyaweza. Akisifiwa kwa kazi aliyoifanya vizuri, hata kama ni kufagia uwanja au kupanga viazi kwenye gunia, anajiona mtu anayefaa. Akiambiwa kila siku kwamba ni mjinga au mvivu, anaamini, na baadaye hufanya kama alivyoambiwa.

Akina mama, tuyaangalie maneno yetu. Yako maneno ambayo tunayatamka kwa hasira ya dakika moja, na mtoto akayabeba kwa miaka 20. "Umerithi ubaya wa baba yako." "Wewe si wa hapa, nimekuokota tu." Mtoto hana uwezo wa kuyachuja maneno hayo. Anayachukua kama yalivyo na kuyaweka katika jibu lake la swali "Mimi ni nani?"

Ujana, wakati wa kutafuta

Mtu aliyeandika sana juu ya jambo hili ni Erik Erikson, mtaalamu aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kufariki Marekani mwaka 1994. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 alieleza kwamba maisha ya mwanadamu yana ngazi nane, na kwamba kazi kubwa ya kijana ni kupata jibu lake mwenyewe juu ya yeye ni nani na anakwenda wapi. Asipolipata, huyumba.

Erikson hakuyatoa mawazo yake vitabuni tu. Hakuwahi kumjua baba yake mzazi. Mama yake aliolewa na daktari wa watoto aliyeitwa Homburger, na mtoto akakuzwa akiamini kwamba huyo ndiye baba yake wa kumzaa. Mama yake alikuwa Myahudi, lakini mtoto alikuwa na nywele za rangi ya dhahabu. Kati ya Wayahudi wenzake alionekana mgeni, na shuleni alitaniwa kwa kuwa Myahudi. Mwaka 1939, alipopata uraia wa Marekani, alijichagulia jina la Erikson. Kumbe hata mtaalamu mkubwa namna hii aliishi na swali lilelile walilonalo baadhi ya watoto wetu wa Makambako!

Mtaalamu mwingine, James Marcia, mwaka 1966 aliwagawa vijana katika makundi manne, ambayo hata sisi tunaweza kuyatambua majumbani mwetu.

Kundi la kwanza ni la kijana aliyeyumba. Hajatafuta wala hajaamua. Leo yuko na hawa, kesho na wale, na yeyote anayemwita anamfuata.

Kundi la pili ni la kijana aliyepokea uamuzi wa wengine bila kuuliza. Tuchukue mfano wa msichana aliyemaliza shule, akaambiwa kuna mtu Dar es Salaam anataka msichana wa kazi, naye akafunga mzigo siku ya pili. Watu wa mijini wamezoea kusema kwamba wasichana wa kazi hutoka Iringa na Njombe. Wasichana wengi wameondoka hivyo, na huko waendako baadhi yao hupoteza hata jina, kwa kuwa kila mtu ndani ya nyumba humwita "dada" tu. Kazi ya nyumbani ni kazi halali, wala si aibu. Lakini msichana aliyeondoka kabla hajajua anapenda nini, anaweza nini na atakataa nini, ni rahisi kuamuliwa na kila atakayemkuta.

Kundi la tatu ni la kijana anayetafuta. Huyu huwasumbua wazazi. Anauliza maswali, anabadilisha mtindo wa nywele, leo anataka ufundi magari na mwezi ujao anataka kilimo cha parachichi. Wazazi wengi humwona mpotevu, kumbe yuko kazini. Anapimapima nguo ili aone ipi inamkaa. Anahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye kuliko mtu wa kumfokea.

Kundi la nne ni la yule aliyetafuta, akapata. Anajua anaamini nini na anataka kufanya nini, naye anaweza kukuambia sababu. Hakuna anayezaliwa katika kundi hili. Mara nyingi hupitia lile la tatu, na ndiyo maana tunawasihi wazazi wasiogope maswali ya vijana.

Makambako, mji wa njia panda

Kijana wa kijijini amezungukwa na watu wanaomjua. Kijana wa Makambako yuko mahali pengine kabisa. Mji huu uko pale ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu iendayo Mbeya, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo. Watu wamekuja kutoka pande zote: Wabena, Wahehe, Wakinga, Wasangu, Wanyakyusa na wengine wengi. Mchana utasikia Kiswahili cha kila lafudhi, na usiku malori yanalala kando ya barabara.

Mtoto aliyezaliwa hapo anaweza kuwa na mama Mkinga na baba Mnyakyusa, akawa hajui lugha ya mama wala ya baba. Akienda kwa bibi yake likizo, watoto wenzake wanamcheka kwa sababu hawezi kuitikia salamu. Akirudi mjini anaitwa Mbena kwa sababu tu anaishi mkoa wa Njombe. Je, yeye ni nani?

Tunapenda kuwaambia wazazi wa Makambako kwamba mtoto wa namna hii hajapungukiwa. Hata makabila yenyewe hayakushuka kutoka mbinguni yakiwa yamekamilika. Wako Wabena wa nyanda za juu za Njombe, na wako Wabena wa bonde la Kilombero, ambao maisha yao yaliandikwa katika kitabu mwaka 1935, na mila zao si sawa katika kila jambo. Watu walihama, wakaoana, wakachukua majina mapya. Taifa letu nalo lilichagua kutohesabu watu kwa makabila. Sensa ya mwisho kuuliza kabila Tanzania ilikuwa ya mwaka 1967.

Lakini kuwa na asili mbili ni tofauti na kutokuwa na asili. Mtoto wa mjini apewe zote. Afundishwe salamu za upande wa mama na za upande wa baba. Apelekwe makwao kote kuwili, hata kama ni mara moja kwa mwaka, aone makaburi ya wazee na kula chakula cha huko. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sisi tunaongeza kwamba mtoto hawezi kulaumiwa kwa kuacha asili ambayo hakuonyeshwa.

Ukimya unaoumiza

Sasa tufikie jambo lililo gumu. Njombe imeumizwa sana na UKIMWI. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walioishi na virusi katika eneo la mkoa wa Njombe walikuwa asilimia 14.8, wakati nchi nzima walikuwa asilimia 5.1. Katika uchunguzi wa mwaka 2022/23, kwa watu wa miaka 15 na zaidi, Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, na nchi nzima asilimia 4.4. Dawa za kufubaza virusi, ambazo zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, zimewaokoa wengi, na mama anayezitumia vizuri anaweza kuishi na kuwaona wajukuu zake. Lakini nyuma yetu kuna kizazi cha watoto waliokuzwa na bibi, na katika nyumba nyingi jina la marehemu halikutajwa tena. Picha ziliwekwa chini ya sanduku. Mtoto akiuliza, "Mama alikufa na nini?" aliambiwa anyamaze.

Wakubwa walinyamaza kwa upendo. Walidhani wanamlinda mtoto asiumie. Lakini mtoto haachi kufikiri kwa sababu hajajibiwa. Hujitungia jibu lake, na mara nyingi jibu hilo ni baya kuliko ukweli. Hudhani alimwua mama kwa kuzaliwa. Hudhani baba alimkimbia kwa sababu yeye hakupendeza. Tena ukweli haukai kimya milele. Siku moja jirani atautamka kwa hasira kisimani, na mtoto atapata maumivu mawili, la kwanza ukweli wenyewe, na la pili kwamba aliowaamini walimficha.

Ni hivyohivyo kwa mtoto ambaye baba yake hatajwi. Kuna akina mama walioachwa wakiwa na mimba, na kuna waliodanganywa na wasafiri waliopita Makambako usiku mmoja. Uchungu wao ni wa kweli, wala hatuwahukumu. Lakini mtoto hakufanya kosa lolote, na kila unapomtukana baba yake, anajua kwamba nusu ya tusi hilo ni lake.

Tunashauri hivi. Mtoto ajibiwe kwa kadiri ya umri wake, na asidanganywe. Mtoto wa miaka minne akiuliza baba yuko wapi, inatosha kumwambia, "Baba yako haishi na sisi. Mimi na bibi ndio tunaokutunza, nasi tunakupenda." Mtoto wa miaka tisa anaweza kuambiwa jina la baba, kwao ni wapi, na kwamba wakubwa walishindwa kuelewana. Kijana wa miaka 14 anaweza kuelezwa zaidi, hata yale yaliyouma, bila matusi. Kama mtoto alipatikana kwa kubakwa au kwa jambo jingine zito, mama asibebe mzigo huo peke yake. Atafute kwanza ushauri kwa afisa ustawi wa jamii, mchungaji au mhudumu wa afya anayejua kutunza siri.

Kitabu cha kumbukumbu

Wenzetu wa Uganda wametuonyesha njia nzuri. Mwaka 1992 akina mama walioishi na virusi vya UKIMWI nchini humo walianzisha chama chao, NACWOLA. Katika miaka iliyofuata chama hicho kilianza kuwafundisha akina mama kumwandikia kila mtoto kitabu cha kumbukumbu. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, alikwenda kuwaona, naye akaandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 2003. Akina mama wale walianza wakidhani wanaandika kwaheri. Lakini kuandika kulikuwa pia njia ya kumfungulia mtoto mazungumzo: mama na mtoto walikaa pamoja, wakaulizana, wakalia, wakacheka.

Kitabu hiki si cha wagonjwa tu. Mama au bibi yeyote anaweza kukianza, na daftari la kawaida la shule linatosha. Ndani yake andika haya:

Siku na mahali mtoto alipozaliwa, na nani walikuwapo.

Majina yake yote, na sababu ya kila jina.

Habari za mama na za baba: majina yao, vijiji vyao, kazi zao, walikutanaje, walipenda nini.

Mababu na mabibi wa pande zote mbili, na ukoo kadiri mnavyoukumbuka.

Mtoto alikuwaje alipokuwa mdogo: neno la kwanza alilosema, chakula alichokataa, kituko alichofanya hadi watu wakacheka.

Magonjwa yaliyomo katika ukoo, ili yamsaidie siku akiulizwa na daktari.

Shamba, nyumba na mali ya familia, na nani shahidi.

Ndugu anaoweza kuwaendea akipata shida.

Mwisho, yale unayoyaamini na yale unayomtakia.

Kama hujui kuandika, mwambie mtoto mkubwa au jirani mwaminifu akuandikie. Siku hizi hata simu inaweza kurekodi sauti ya bibi, lakini simu huibwa na kuharibika, kwa hiyo daftari liwepo pia. Kama kuna picha, zibandike.

Huko Marekani, wataalamu Marshall Duke na Robyn Fivush wa chuo kikuu cha Emory waliwauliza watoto maswali 20 juu ya habari za familia zao, kama vile wazazi wao walikutana wapi na mababu walitoka wapi. Waliona kwamba watoto waliojua zaidi habari za kwao walijiheshimu zaidi. Hatudai kwamba kukariri habari hizo kunaponya kila kitu. Lakini mtoto hawezi kuzijua kama hakuna mtu aliyekaa naye akamsimulia, na kule kukaa naye ndiko kunakomjenga. Tena tusisimulie ushindi tu. Mtoto anayejua kwamba babu alifilisika, akaanza upya kwa debe moja la mahindi, anajua kwamba watu wa kwao huanguka na kuinuka.

Vyeti na haki

Kujitambua ni jambo la moyo, lakini lina karatasi zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ana haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwajua wazazi wake waliomzaa pamoja na ukoo wake. Inakataza mtu kumnyima haki hiyo, na inamtaka mzazi au mlezi aandikishe kuzaliwa kwa mtoto. Sheria hiyohiyo inamruhusu mtoto, mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii kuiomba mahakama ithibitishe nani mzazi wa mtoto.

Mlezi asiseme, "Cheti cha nini, mtoto tunamjua." Kijijini mnamjua, lakini siku atakapoomba kitambulisho cha taifa au mkopo wa masomo ya juu, ataulizwa cheti cha kuzaliwa. Yatima anayeomba mkopo huo hutakiwa pia kuonyesha vyeti vya vifo vya wazazi. Vijana huhangaika sana kwa sababu msiba ulipotokea hakuna aliyekumbuka kuandikisha. Kama unalea mjukuu asiye na cheti, anza mwezi huu. Nenda kwa mtendaji au kituo cha afya ukaulize utaratibu, na chukua chochote ulicho nacho: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya kijiji. Majina yaandikwe kwa namna moja katika karatasi zote, kwa kuwa herufi moja iliyokosewa huleta usumbufu wa miaka.

Neno kwa mama na bibi

Akina mama wapendwa, na hasa ninyi mabibi mnaolea mara ya pili wakati mlistahili kupumzika, msidhani kwamba hamna cha kuwapa watoto hawa kwa sababu hamna fedha. Mnazo habari ambazo hakuna mwingine anazo. Ninyi ndio mnaojua mama yake mtoto alikuwa anachekaje, na baba yake alipenda kulima au kuimba. Mkifariki bila kusema, habari hizo haziandikwi mahali popote.

Chagueni jioni moja, moto unapowaka na baridi ya Njombe imeanza kuingia mlangoni. Mwite mtoto kwa jina lake lote, kisha mwambie nani alimpa jina hilo. Huo utakuwa mwanzo wa kutosha. Maswali mengine atayaleta mwenyewe.